Joho Jeusi Ujiji

Rafiki yangu anaandika riwaya ya kihistoria: mnyonya damu wa Ulaya anashuka Kigoma mwaka 1927, kajilaza kwenye jeneza ndani ya meli ya Liemba. Joho jeusi mpaka miguuni. Kwa joto la Ujiji!

Nikamwuliza, mumiani wetu kakukosea nini? Enzi za mkoloni, Nairobi watu walilikimbia gari la zimamoto wakiamini linakusanya damu; ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Katanga, wanyonya damu waliitwa batumbula. Na Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, misafara ya pembe na watumwa ilikuwa ikipita hapo hapo. Wenye misafara hawakungoja giza. Walinyonya mchana, kahawa mkononi.

Akachomoa mwiba wa samaki, mgebuka, mdomoni. "Hao hawana meno marefu," akasema.