Mawifi Wangu Wawili

Nina mawifi wawili. Wa kwanza ni dada wa mume wangu, yuko Tanga, mweka hazina wa kila harusi ya ukoo. Wa pili ni kisanduku cheusi chenye taa nne, kiko sebuleni kwetu Brussels, ghorofa ya tatu, hatua chache kutoka stesheni ya Gare du Midi. Majira ya baridi yaliyopita, huyu wa pili alinigombanisha na yule wa kwanza, nusura nifutwe kwenye ukoo.

Kisa ni harusi ya mpwa wetu. Kila siku saa moja usiku, ambayo wakati wa baridi ni saa tatu Tanga, wifi alinipigia video. Tunasalimiana, tunaulizana hali za watoto, ananionyesha kitambaa cha sare, kisha anavaa miwani na kufungua daftari. "Sasa wifi, hapa kwenye mchango nikuandike..." Hapo uso unaganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba, kama picha ya kitambulisho iliyopigwa na mtu mwenye haraka. Sauti hakuna. Wifi wa sebuleni keshazira.

Siku ya kwanza alicheka. Siku ya tatu aliniambia, "Mtandao wenu una akili, wifi. Salamu unazipitisha zote, unakatika kwenye hela tu." Nilijitetea, lakini nani angenisadiki? Mimi niko mji wenye makao makuu ya Umoja wa Ulaya, ninalipa intaneti ya nyumbani kila mwezi. Yeye yuko Chumbageni, Tanga, na bando la wiki, na upande wake haukatiki hata mvua ikinyesha.

Nikaanza na dawa ya kila ugonjwa: zima, washa. Ruta ikapona kwa siku nzima, na saa moja usiku ikaanguka tena. Nikapiga simu kwa kampuni iliyotuuzia huduma. Mashine ikaniuliza ninataka lugha gani, nikachagua Kifaransa, nikapigiwa muziki mpaka nikaujua kwa moyo. Mwishowe nikaahidiwa fundi, kati ya saa mbili asubuhi na saa sita mchana. Alibisha hodi saa sita kasoro dakika tano.

Mbele ya fundi ruta ilikuwa na adabu zote, kama mtoto aliyelia usiku kucha kisha anamchekea daktari. Kasi nzuri, laini nzima, tatizo halipo. Alikuwa anafunga mkoba wake ndipo akauliza ruta yenyewe iko wapi. Nikafungua kabati.

"Na hiki ni nini?" Kilikuwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua ya waridi, kazi ya mikono ya mama mkwe. Kwetu chombo cha heshima hakikai uchi. Redio ilivishwa, televisheni ikavishwa, friji ikavishwa. Ruta imekosa nini? Fundi alikiinua kwa vidole viwili. Chini yake ruta ilikuwa ya moto kama chuma cha chapati. Akatazama mbele ya ruta: masinia matatu ya aluminiamu na birika kubwa, vyote vimetoka Tanga kwa ndege. Akanieleza kwa upole kwamba metali hurudisha mawimbi ya redio yalikotoka. Kwa maneno mengine, kwa mwaka mzima intaneti ya nyumba hii ilikuwa ikipakuliwa kwenye masinia ya pilau.

Ruta ikatolewa kabatini, ikavuliwa kitambaa, ikapandishwa juu ya rafu. Mchana ikawa inakwenda vizuri ajabu. Saa moja usiku, wifi akavaa miwani, akafungua daftari, akaganda.

Jioni iliyofuata nikaona nisitegemee kisanduku. Saa moja kasoro nikajitanda mtandio juu ya koti, nikashuka mpaka stesheni kupiga mwenyewe kwa bando la simu. Nikasimama chini ya ile picha kubwa ya Tintin, yule kijana wa vibonzo, aliyeganda mbele ya garimoshi, nikamwona ni ndugu yangu kabisa. Wifi akapokea, video safi. Akafungua daftari. Ndipo kipaza sauti kikanguruma juu ya kichwa changu, kwa Kifaransa, kwa Kiholanzi, na kwa Kiingereza, ambacho wifi yangu amekifundisha miaka ishirini: abiria wa treni ya London wanaombwa wajiandae.

Treni za London zinaondoka hapa tangu mwaka 1994, na mwendo wenyewe sasa ni takriban saa mbili. Nilijaribu kumweleza kwamba kusimama stesheni si kusafiri. "Kumbe," akasema, "ya mchango huna, ya kwenda London unayo." Safari hii simu haikukatika yenyewe. Aliikata yeye.

Nikarudi nyumbani na hasira za kisayansi. Nikafungua orodha ya mitandao kwenye simu, nikahesabu 31. Hapo nikajifunza jambo: masafa ya gigahezi 2.4 yana chaneli 13 kwa Ulaya, lakini zisizokanyagana ni tatu tu, kama vile 1, 6 na 11. Majirani karibu wote walikuwa wamejazana kwenye 6, na sisi tumo humohumo, kama wasemaji thelathini kwenye baraza moja, kila mmoja na hadithi yake. Nikahamia 11. Nafuu ikapatikana, lakini saa moja usiku ikabaki saa moja usiku.

Aliyenifumbua macho sikumlipa hata senti. Jumapili kuzunguka stesheni kuna soko kubwa, zeituni, nanaa, kuku wa kuchoma, mashuka, vyote. Kwenye meza ya chaja nikamkuta kijana wa Bukavu, nikamlilia shida yangu.

"Mama, rezo inakatikaka saa gani?"

"Saa moja usiku, kila siku."

"Na chakula munapashaka saa gani?"

Nikabaki nimeshika fungu langu la nanaa.

Nyumbani niliweka kikombe cha maji ndani ya maikrowevu, nikafungua video kwenye simu, nikabonyeza. Video ikaganda. Nikazima, ikarudi. Nikarudia mara tatu, maji yakachemka, nanaa ikapata kazi. Maikrowevu hufanya kazi kwenye gigahezi 2.45, mlango uleule wa wifi. Ruta kwa sheria za Ulaya hurusha miliwati 100 tu kwenye masafa hayo. Maikrowevu yangu ni wati 800. Kinachovuja mlangoni ni kidogo, lakini kwa ruta ni ngoma sikioni. Na mwenye haki ni maikrowevu: masafa hayo yalitengewa mashine za namna yake kwenye mkutano wa kimataifa wa Atlantic City mwaka 1947, na kanuni za kwanza za wifi zilitoka 1997. Wifi ndiye mgeni aliyekuja na godoro lake miaka hamsini baadaye.

Sasa tazama. Mume wangu anaingia kutoka kazini saa moja usiku. Dada yake anapiga saa hiyo kwa sababu anajua kaka yuko nyumbani. Kaka anasema, "Msalimie," anapita jikoni kupasha wali wake. Miezi miwili nimebeba lawama, na anayemkata wifi ni ndugu yake wa tumbo moja, kwa sahani ya wali wa jana.

Dawa ilikuwa rahisi. Ruta yetu ina masafa mawili. Nikaihamishia simu kwenye gigahezi 5, ambako maikrowevu haifiki. Masafa hayo hayapendi kuta nyingi, lakini nyumba yetu ina kuta ngapi? Jioni ile wifi akapiga. Jikoni maikrowevu ikinguruma. Akavaa miwani, akafungua daftari, akauliza, "Nikuandike ngapi?"

Nikaitazama ruta. Taa zote nne zimetulia, hata kupepesa hakuna. Nikasubiri. Wifi naye akasubiri, uso unang'aa, naona hadi wino wa kalamu.

"Euro 200," nikasema.

Basi msomaji, mtandao ukikusumbua, usikimbilie kununua ruta mpya. Andika saa unayokatika, itoe ruta kabatini, ivue kitambaa, kisha kachungulie jikoni. Lakini kama kuna harusi na mchango hujaupata, usiguse kitu mpaka bibi harusi atoke.