Isiolo Si Oslo

Toronto, Februari 2026

Kwa Mama, kwa Abuya mjomba wangu, kwa Akko bibi yangu, na kwa nyote mnaokaa hapo kibarazani Bula Pesa mkisubiri jua lipungue,

Salamu nyingi kama mchanga wa Ewaso Nyiro wakati wa kiangazi. Mimi mzima, mkwe wenu mzima, hofu ni kwenu tu. Nimeanza na salamu makusudi, maana ni miezi tisa sasa naandika barua ambazo salamu zimepigwa marufuku.

Abuya, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Ulikuwa mfupi: "Yule ngamia amefika wapi?" Nimekuelewa. Uliuza ngamia jike mwenye maziwa ili nipate tiketi ya kumfuata mke wangu, na aliyeuza ngamia ana haki ya kuuliza nyayo zilielekea upande gani. Basi leo natoa hesabu, na naomba Akko asisomewe zile sehemu za nguruwe.

Huku kazi haitafutwi kwa miguu. Mnakumbuka nilivyokuwa nikizunguka na bahasha ya kaki, ndani yake cheti cha kidato cha nne, cheti cha tabia njema na barua ya chifu. Vijana wa Nairobi huita kutarmac. Sisi neno hilo lilikuwa likituchekesha, kwa sababu miaka na miaka lami yenyewe iliishia kwetu: ukishavuka kizuizi cha polisi ni vumbi mpaka Moyale, kilomita 500 hivi, hadi Wachina walipokuja. Mtu wa Isiolo akitarmac, alikuwa hana budi kuelekea kusini. Huku nimetafuta kazi miezi tisa na soli za viatu vyangu bado zina alama ya kiwanda. Kilicholika ni kidole gumba.

Kazi zote ziko kwenye simu. Serikali ya Kanada ina tovuti yake, Job Bank, halafu kuna Indeed, LinkedIn na nyinginezo zisizo na idadi. Ukifungua unaona maelfu ya kazi zimejipanga kama mbuzi wa mnada, nawe unajiambia leo silali bila kuajiriwa. Unalala.

Kwanza ilinibidi kuichinja CV yangu. Ile ya nyumbani mnaijua: jina, tarehe ya kuzaliwa, dini, ndoa, nambari ya kitambulisho, na picha niliyopiga nimevaa koti la Abuya. Nikaambiwa huku hayo yote hayaandikwi, mwajiri asije akabagua. Nikaondoa umri, nikaondoa dini, nikaondoa ndoa, koti nalo likaenda. Nikabaki na jina na mbuzi.

Mbuzi nao wakaniponza. Niliandika ukweli: miaka sita karani wa soko la mifugo, na kando ya hapo nikiwaandikia hesabu akina mama wa maziwa ya ngamia, yale yanayopanda basi kwenda Eastleigh. Mtambo wa tovuti ukasoma neno "mifugo", ukatafakari, ukaniletea kazi ya dereva wa lori la nguruwe. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi, simu inalia kwa furaha: tumekupatia kazi inayokufaa! Nikabonyeza "sitaki". Mtambo ukaelewa kwamba ninachokataa ni lori, ukaniletea kazi ya kuwalisha nikiwa nimesimama. Nikabonyeza tena. Sasa unaniletea ya kuwahesabu ofisini. Siwezi kusema haujali maoni yangu.

Halafu kuna fomu. Kila fomu inakuomba uipakie CV yako. Ukishaipakia inakushukuru, kisha inakutaka uandike upya, sanduku kwa sanduku, kila kitu kilichomo kwenye CV hiyo hiyo. Ni kama karani anayepokea faili lako kwa mikono miwili, analiweka mezani kwa heshima, anafuta miwani, halafu anakuuliza, "Enhe, umeleta nini?" Sanduku la anwani ya zamani likaikataa 60300 yetu, kwa sababu nambari ya posta ya huku huanza na herufi, ikaja tarakimu, ikaja herufi, hivyo hivyo kama nambari ya gari la wizi. Na sanduku la mji halikuwahi kusikia habari za Isiolo.

Hapo ndipo kisa changu kikubwa kilipoanzia. Usiku mmoja, wa saa nane, nilijaza fomu ya kampuni moja inayosafirisha vyakula. Nikaandika Isiolo. Mtambo, kwa adabu zake zote, ukanirekebisha ukaandika Oslo. Sikuona. Nikabonyeza "tuma", nikalala.

Siku tatu baadaye simu ikapigwa na binadamu! Abuya, katika maombi 147 hiyo ndiyo simu pekee. Sauti ya mwanamke, nyororo, yenye haraka. Akasema amevutiwa sana na uzoefu wangu wa kimataifa. Nikajiweka sawa kitini. Akauliza nilivumiliaje msimu wa baridi kule. Nikamwambia kule hakuna baridi, kuna vumbi. Akacheka sana, nadhani alifikiri ndio utani wa Wanorwe. Akauliza kama lugha yao naizungumza vizuri. Nikasema nazungumza Kiborana, Kiswahili, Kisomali cha sokoni na Kimeru cha kununulia viazi. Akanyamaza. Nikasikia anapekua karatasi, au pengine anabonyeza-bonyeza.

"Si ulifanya kazi Oslo?"

"Isiolo, dada. Kaskazini mwa Mlima Kenya. Ukifika Nanyuki unateremka."

Akasema asante, tutawasiliana. Mpaka leo anawasiliana. Mkwe wenu aliporudi kutoka zamu yake ya usiku nikamsimulia, akacheka mpaka akakaa chini na koti lake lote. Kisha akaniuliza kwa nini sikukubali tu kwamba nilikuwa Oslo. Nikamwambia mimi ni mpwa wa Abuya. Akasema hilo nalo halimo kwenye CV.

Maana shida ya huku, ukiacha nguruwe, inaitwa uzoefu wa Kanada. Unataka kazi, wanataka uwe umeshafanya kazi Kanada. Utaifanyia wapi kabla hawajakupa? Tume ya Haki za Binadamu ya jimbo hili la Ontario ilisema tangu 2013 kwamba sharti hilo ni ubaguzi, ila liliendelea kuishi kama kupe sikioni. Jirani akanishauri nijitolee mahali bila malipo ili niupate huo uzoefu. Nikajitolea kuondoa theluji mlangoni pa msikiti, nyuzi 15 chini ya sifuri, koleo mkononi, masharubu yamekakamaa kama ya paka aliyeanguka kwenye uji. Ndipo nikajua kwamba huku, kabla ya uzoefu, kuna kuzoa.

Lakini tarehe 1 Januari mwaka huu nilisherehekea. Sheria mpya ya Ontario ilianza kazi siku hiyo: mwajiri mwenye watu 25 au zaidi haruhusiwi tena kudai uzoefu wa Kanada kwenye tangazo la kazi. Ni lazima ataje mshahara. Akitumia akili mnemba kuwachuja watu, aseme. Aseme pia kama kazi yenyewe ipo. Naam, Akko, umesikia vizuri: ilibidi itungwe sheria ya kumtaka anayetangaza kazi aseme kama kazi ipo! Kumbe wengine hutangaza ili wawe na majina ya watu kwenye ghala, itakapotokea siku. Mimi mambo hayo hayakunishangaza. Uwanja wetu wa kimataifa wa ndege hapo Isiolo ulifunguliwa 2017, na najua maana ya kukaa kando ya kitu kilichokamilika ukitazama juu ukisubiri ndege. Hapa mtaa wetu wa Dixon uko karibu na uwanja wa Pearson, ndege zinapita juu ya paa moja baada ya nyingine, na kila zinapopita nawakumbuka nyinyi.

Mshahara nao wanautaja kwa namna yao. "Kati ya dola 40,000 na 70,000 kwa mwaka." Abuya, umefunga biashara na madalali wa Kisomali miaka thelathini, mikono chini ya shuka, vidole vikisemezana watu wengine wasijue. Kuna aliyewahi kukushika vidole akakwambia fahali wako ni kati ya elfu arobaini na elfu sabini? Ungemvua shuka.

Sheria hiyo pia inasema ukishafanyiwa mahojiano, ndani ya siku 45 ni lazima ujulishwe kama umepata au umekosa. Nikakimbilia kalenda nihesabu siku za yule dada wa Oslo. Nikasoma vizuri: mazungumzo ya kuchuja tu hayahesabiwi kuwa mahojiano. Kwa hiyo mimi sijaanza kuhesabiwa.

Mahojiano nimefanya moja, kama yanaitwa hivyo, na nilijifanyia mwenyewe. Unafungua kamera, unajiona, swali linatokea kwa maandishi, na saa inahesabu sekunde 90 kurudi nyuma. Hakuna mtu upande wa pili. Swali la kwanza: jitambulishe. Sasa mimi nitajitambulishaje kwa watu ambao sijawasalimu? Nikawaamkia. Nikauliza habari za nyumbani, watoto, wazee, afya, mvua kama zimenyesha upande wao, na mifugo kama imenenepa, nagaa, yaani amani, nagaa tupu. Nilipofika kwenye "jina langu ni" saa ikafika sifuri, kamera ikafumba jicho. Kampuni ile mpaka leo inajua kwamba kuna mtu Toronto anaitakia mvua njema.

Na wewe Abuya, tusisahau, ulikuwa mdhamini wangu. Fomu ilidai watu watatu wanaonifahamu, wenye barua pepe au simu. Barua ya chifu niliipiga picha na mhuri wake wote wa zambarau, tovuti ikaikataa ikisema ni aina ya faili isiyofaa. Nikaandika nambari yako. Mtambo ukakutumia kiungo saa tisa usiku za huko, kwa Kiingereza, ukikuomba ubonyeze ili utoe maoni. Nawe, kwa busara zako, ukawajibu kwamba gari hukuomba, zawadi huitaki, na mpwa wako yuko Kanada atawapeleka polisi. Walinitumia jibu lako likiwa limeambatishwa. Nimelihifadhi.

Sikatai, matapeli wapo. Mmoja alinipa kazi kwa ujumbe wa simu, bila hata kuniuliza jina, mshahara mnono, ila kwanza nilipie kompyuta. Hapo sikuhitaji uzoefu wa Kanada. Uzoefu wa madalali wetu wa kazi za Uarabuni ulitosha kabisa.

Hata hizo tovuti zenyewe zinahangaika. Monster, moja ya tovuti kongwe kabisa za kazi, iliyoanza 1994, ilikuwa imeungana na CareerBuilder, na Juni mwaka jana wote wawili wakaenda mahakamani Marekani kuomba kinga ya kufilisika. Niliposoma habari ile niliwaonea huruma. Nikajiuliza na wao watajaza fomu wapi.

Sasa nije kwenye ngamia. Wiki tano zilizopita nilikuwa kwenye mgahawa hapa Dixon nikinywa chai ya tangawizi, nimeinamia simu, nakataa nguruwe. Mzee wa meza ya pili, mtu wa Garissa, akasikia lafudhi yangu. Akauliza mimi wa wapi. Isiolo. Isiolo ipi, Kambi Garba au Bula Pesa? Mwana wa nani? Mjomba wako nani? Nikakutaja. Akaweka kikombe chini. Akasema marehemu baba yake aliwahi kukuuzia mafahali hapo yadini, mkahesabu pesa jua likizama, na kesho yake asubuhi ulimfuata mpaka kwenye lori ukamrudishia noti moja iliyozidi. Kisha akaniuliza swali ambalo tovuti zote hazikuwahi kuniuliza: "Unaweza kuamka saa tisa usiku?"

Tangu hapo ninabeba makasha kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege. Dola 17.60 kwa saa, ndicho kima cha chini cha Ontario. Mgongo unalalamika lakini jina langu liko kwenye orodha ya watu wanaoliwa kodi, na mkwe wenu ameanza tena kuniita kwa jina langu badala ya "wewe wa Oslo".

Sasa sikilizeni hili. Juzi usiku, katikati ya zamu, simu ikatetemeka mfukoni. Barua pepe. Inanishukuru kwa ombi nililotuma Septemba, inasikitika kunijulisha kwamba, baada ya kulitafakari kwa makini, wameamua kuendelea na waombaji wengine. Nikaangalia kampuni. Ghala hili hili. Kazi hii hii. Nikampelekea msimamizi, Mpunjabi mmoja mpole, nikamuuliza kama niende nyumbani. Akaisoma mara mbili, akanirudishia simu, akasema, "Kasha lile la mwisho, lisogeze mlangoni."

Abuya, nimetuma pesa kwenye nambari ya Mama. Si ngamia mzima, ni mguu mmoja wa mbele. Ramadhani ikiisha nitatuma wa pili. Lakini naomba uniulizie yadini bei ya jike mwenye maziwa ikoje kabla mvua hazijanyesha, maana zikinyesha mtapandisha. Na usinijibu kwamba ni kati ya hiki na kile.

Mpwa wako,
wa Dixon