Laki Saba kwa Usiku, Bahari Haipo

Jirani, sogea nikae. Usinione nimekaa upande. Huu mguu una mwiba wa baharini, na huu mfuko una tundu la milioni mbili na laki moja. Vyote nimevitoa Paje, Unguja, Pasaka hii hii.

Wazo halikuwa langu. Mimi mawazo yangu hayavuki Mbagala. Ni la shemeji, mdogo wake mama watoto, yule mwenye simu ya macho matatu. Kaja na picha. Nyumba nyeupe, paa la makuti, bwawa la bluu, na bahari iko pale mlangoni, unaweza kunawa ukiwa kitandani. “Shem, hii villa. Hoteli unagongana na watu. Villa mnajifungia wenyewe.” Laki saba kwa usiku. Nikakohoa. Akasema hapo imeshushwa, huu msimu wa masika, wazungu wameondoka, ngoja Julai na Agosti uone kama hata getini utasogea. Siku tatu, watu nane, tukigawana ni kama bure. Basi tukagawana. Yeye katoa wazo, mimi nikatoa hela.

Halafu kuna dipoziti. Laki tano nyingine, unarudishiwa siku ya kuondoka kama hujavunja kitu. Nilisikia “unarudishiwa”. Hayo ya mbele sikuyasikia.

Boti kutoka Dar ni kama saa mbili. Ya kwanza nilisali, ya pili nilishika mfuko. Mimi mtu wa Kondoa, bahari tunasalimiana kwa mbali, nikiwa ndani ya daladala. Tukafika Paje Ijumaa Kuu, giza limeingia, mvua inamwagika. Msimamizi wa nyumba, mzee mmoja mtaratibu, katupokea na mwavuli mkononi na makaratasi kwapani.

Ile orodha, jirani. Kurasa nne. Glasi za miguu mirefu, 12. Sahani kubwa, 12. Vijiko vya chai, 12. Mito, 18. Mataulo meupe, 16. Tukapita chumba kwa chumba, mzee anasoma, mimi naitikia kama niko kwenye litania. Kila ukurasa nikaweka saini. Saini yangu yenyewe ikaanza kutetemeka kwenye vijiko.

Mzee alipotoka tu, mke wangu kakusanya watoto katikati ya sebule. “Msiguse.” Mtoto akauliza tusiguse nini. “Chochote.” Tangu hapo maji tumenywa kwenye chupa zetu za boti. Chakula tumekula kwenye mifuniko ya hotipoti tuliyobeba nyumbani. Mataulo meupe tuliyapita kama maiti, kwa heshima na bila kuyashika. Hivi taulo jeupe la watu ukilifutia uso uliotoka jua la Tandika, dipoziti itabaki? Mimi nikatoa langu kwenye begi. Unalijua, lile la tangu bweni. Lilikuwa la kijani.

Usiku sasa. Kitanda kina mito tisa. Kichwa ninacho kimoja. Tukaihamisha sakafuni mmoja mmoja, mke wangu anaihesabu. Swichi ukutani ziko saba, nikabonyeza ya kuzima taa, bwawa la nje likawaka. Nikabonyeza nyingine, pazia likatembea lenyewe, nikapiga kelele, sikatai. Tukalala na taa. Saa saba usiku umeme ukakata wenyewe. Kumbe LUKU kule wanaiita TUKUZA, na uniti ni juu ya mgeni. AC tatu zilikuwa zimekula uniti zote huku sisi tumejifunika mablanketi.

Bafu lenyewe halina paa. Jirani, nimeoga mvua ikiniogesha upya. Kwetu Kondoa tulikuwa na bafu la namna hiyo, na sababu ya mimi kusoma hadi fomu foo ilikuwa nilikimbie.

Asubuhi nikakuta jambo zito zaidi. Bwawa linavuja. Upande wa mbele hauna ukingo, maji yanamwagika yanapotea. Nikamfuata mzee mbio, nikamwambia huyu fundi wenu kawapiga, hakumalizia ukuta. Mzee kaniangalia kwa huruma. “Ndivyo lilivyo, mwanangu. Wameliagiza hivyo.” Watu wanalipa fundi ili asimalize! Mimi wa kwangu alitoroka na simenti yangu bure, nikamshitaki kwa mjumbe. Kumbe alikuwa ananijengea villa.

Saa nne mvua ikakatika. Nikavaa bukta, nikatupia lile taulo begani, nikatoka na kifua changu chote kwenda kuiona bahari niliyoilipia.

Bahari haipo.

Sikutanii. Mchanga upo, minazi ipo, mitumbwi ipo imelala ubavu. Maji hakuna. Kuna tope jeupe, vidimbwi, majani, halafu mbali huko, mbali kabisa, kamstari keupe ambako mawimbi yanapasuka kwenye mwamba. Nikarudi getini. “Shikamoo mzee. Bahari imekwenda wapi?”

“Marahaba. Yamekupwa.”

Nikataka kujua ni fundi gani tumpigie. Mzee kanikalisha kwenye benchi kama mtoto wa chekechea. Maji hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili, mchana na usiku, na kila siku yanachelewa kidogo. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, hapo ni bamvua, maji yakijaa yanajaa kweli na yakiondoka yanaondoka kweli. Katikati yake ndiyo maji mafu, hayaendi mbali. “Sasa nyinyi Pasaka yenu si hufuata mwezi? Miaka mingi wageni wa Pasaka huja wakaniuliza bahari i wapi.” Ubatizo ninao, kipaimara ninacho, na hesabu ya Pasaka nimefundishwa na mzee wa Kiislamu nikiwa na bukta. Na ile picha? “Ilipigwa saa kumi alasiri. Siku ya bamvua.”

Nikasema basi nitaifuata. Siwezi kulipa laki saba nikaitazame kwa mbali kama niko kwenye daladala. Nikatembea. Nikatembea tena. Pande zote kina mama wameinama kwenye mashamba yao ya mwani, vijiti vimechomekwa safu kwa safu, kamba zimefungwa baina yake, mwani umening'inia. Kilimo hiki kipo pwani hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wanaokilima ni wanawake. Wako kazini, na maji kukupwa ndiyo ofisi yao kufunguliwa. Na mimi napita katikati ya ofisi ya watu na kitambi na taulo.

“Mwanangu, unatafuta nini?” Bibi mmoja, maji yamemfika kwenye mashavu ya miguu.

“Shikamoo bibi. Natafuta bahari.”

“Marahaba. Ndiyo hii umeikanyaga.” Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. “Ukimaliza kuitafuta, nishikie gunia.”

Jirani, gunia la mwani mbichi usilione hivi. Linachuruzika maji ya chumvi mpaka kwenye masikio. Nimelibeba hadi mchangani, nikarudi, nikabeba la pili kwa sababu bibi wa jirani yake naye aliniita mwanangu. Nikiwa na hilo la pili ndipo nikakanyaga ule mdudu mweusi wa miiba. Wenyeji wana jina lake. Mimi nilimwita jina lingine, ndiyo maana watoto walikatazwa kunisogelea. Bibi kaniketisha, kaagiza papai bichi, kanipaka utomvu wake mguuni, mwiba ulainike. Kisha kaniambia niinue mguu juu nitulie. Nikatulia. Shemeji akanipiga picha na simu ya macho matatu, akaiweka status. Chini kaandika: “Shem anakula maisha.”

Saa kumi alasiri bahari ikarudi. Imekuja kimya kimya hadi kwenye ngazi, bluu ile ile ya kwenye picha. Watoto wakapiga vigelegele. Mvua ikaanza.

Jioni mimi na mzee tukakaa barazani, yeye na kahawa yake, mimi na mguu wangu. Nikamuuliza mwenye nyumba ni nani. Mtu wa Ulaya, huja mara moja kwa mwaka. Lakini ardhi ya Zanzibar, mzee akasema, ni ya Serikali tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, huyo naye kakodishwa tu. Nikahesabu kwa vidole. Kumbe mimi mpangaji wa Tandika nimekwenda kupanga kwa mpangaji! Na anayelala pale mwaka mzima, anayejua kila swichi, anayekunywa kahawa kwenye kikombe cha udongo bila kutetemeka, ni mzee. Nikamuuliza kama ametuhesabia vikombe. “Hicho changu,” akasema.

Jumatatu saa nne asubuhi ikafika ile orodha. Kurasa nne. Glasi, 12, zina vumbi lile lile la Ijumaa. Vijiko, 12. Mito, 18. Mke wangu kashika mikono kifuani. Nikaanza kuinusa laki tano yangu. Mataulo. Mzee akahesabu, akasita. Akahesabu tena.

“Kumi na saba.”

Akalinyanyua kwa vidole viwili. Kijani lililokata tamaa, tundu katikati, kwenye pembe namba ya bweni imeandikwa kwa wino mzito. “Hili limezidi. Ni lenu?”

Sebule nzima nyeupe. Shemeji kanitazama. Mke wa shemeji kanitazama. Mtoto wangu akafungua mdomo, mama yake akaufunika.

“Hata mimi silijui, mzee,” nikasema. “Labda la wageni waliopita.”

“Basi haidhuru.”

Laki tano nikapewa kamili. Tukabeba mabegi. Pale mlangoni nikalikuta limeshatandikwa chini, kwenye kizingiti, kwa ajili ya tope. Wenzangu wote wakapita wakijifuta. Na mimi nikajifuta. Mguu mzima kwanza, halafu na ule wa mwiba, polepole.