Jua la Mzee, Kivuli cha Trela

Kila majira ya baridi, wastaafu kutoka kaskazini mwa Marekani na Kanada huburuta matrela yao ya faibaglasi hadi Quartzsite, jangwani Arizona, kulifuata jua. Wakishalipata, trela ndilo hufichwa. Mzee hukaa nje kifua wazi, ameiva kama kamba wa kuchemsha; trela limepakwa nta na kuvishwa turubai.

Tuseme kweli, trela lina haki yake. Jelikoti, ule utando wake unaong'aa, ni plastiki. Miale ya urujuanimno huivunjavunja hadi ikafifia na kuacha unga mweupe kiganjani. Dawa inajulikana: osha, piga polishi, paka nta yenye kinga ya miale, rudia kabla haijaisha, egesha kivulini. Turubai nalo lifungwe barabara, maana likilegea upepo na mchanga hulifanya likwangue kile kile lilichotumwa kukilinda.

Hongera, mzee wangu, kwa kutunza mali. Ila kumbuka: trela likichakaa, fundi hulipulizia jelikoti mpya. Wewe fundi wako ni daktari wa ngozi, na hana jelikoti. Vaa kofia.