Namna ya Kuizunguka Ulaya kwa Bei Chee Mpaka Uishiwe

Viza umepata, hongera. Umelipa euro 90, umekata bima ya kufidia hadi euro 30,000, umepeleka taarifa ya benki yenye hela za mjomba ambazo alizitaka kesho yake. Kilichobaki ni kujua utatokaje mji huu kwenda ule, na shanta mgongoni. Usiulize waliokutangulia. Watakuambia ukweli, safari iharibike. Nisikilize mimi.

Kitu kimoja tukubaliane kabla hatujapanda chochote. Hapa hatutafuti chombo kinachofika. Tunatafuta bei ya kutaja mbele za watu. "Roma mpaka Paris, euro 15 tu." Sikia inavyoteleza mdomoni. Kitakachoongezeka juu ya hizo 15 ni siri yako na benki yako.

Kwanza: ruka

Tafuta ndege ya hizo euro 15. Zipo, wala si uongo. Ukiipata, soma jina la mji, usisome jina la uwanja. Paris ni Paris. Kwamba unatua Beauvais, kilomita 80 na ushee kaskazini, hayo ni maneno ya watu wenye wasiwasi. Utapanda basi kwa zaidi ya saa nzima, na nauli ya basi itaikimbiza ile ya ndege, lakini basi halimo kwenye hadithi yetu. Unataka Frankfurt? Nenda Hahn, kilomita 120 hivi kutoka mjini, palipokuwa kambi ya ndege za kivita za Wamarekani. Unataka Stockholm? Skavsta wanakupokea, kilomita kama 100 kando. Aliyebobea kabisa huenda Vienna kwa kutua Bratislava, ambao ni mji mkuu wa nchi nyingine.

Halafu kuna begi. La bure kwenye mashirika haya ni la kusukuma chini ya kiti cha mbele. Ryanair wanataka lisizidi sentimita 40 kwa 30 kwa 20. Shanta lako lina kimo cha mtoto wa darasa la pili. Ungeweza kulilipia mapema mtandaoni kwa bei ya kistaarabu, lakini huo ni unyonge. Komaa mpaka mlangoni, pale penye kile kichanja cha chuma cha kupimia. Vaa makoti mawili moja juu ya jingine. Soksi tia mifukoni, viatu vya kubadilisha vaa, chaja zungushia shingoni. Lizamishe begi kwa goti. Likigoma, ligeuze, lizamishe tena, ukimsimulia dada wa zamu kwamba juzi liliingia. Dada hatabishana. Atakuonyesha mashine ya kadi kwa kidole kimoja, na itakachokata kinaweza kuzidi nauli mara kadhaa. Lipa ukitabasamu, maana foleni nzima inakutazama na jasho la makoti mawili linakutiririka.

Pili: nunua pasi, usiisome

Hapa ndipo wenzetu wengi wanapofanya vizuri, kwa hiyo tutulie kidogo.

Kuna pasi ya treni inayokubaliwa katika nchi 33. Wakazi wa Ulaya wanauziwa Interrail, iliyoanza mwaka 1972 kwa vijana wasiozidi miaka 21. Sisi wa kutoka nje tunauziwa Eurail, ya tangu 1959. Wanachoangalia ni mahali unapoishi, si rangi ya pasipoti, kwa hiyo binamu yako anayesoma Leuven atanunua Interrail na wewe Eurail, mkutane behewa moja mkiwa na uwezo ule ule wa kushushwa.

Kushushwa kwenyewe ni hivi. Amini kwamba pasi ni tiketi. Ingia stesheni ya Gare de Lyon, Paris, kifua mbele, uiendee treni ya kasi ya TGV ya Marseille kama yako. Utaambiwa kiti kinalipiwa kando, tena kabla ya safari. Italia nako Frecciarossa inataka kama euro 13 juu ya pasi uliyokwisha kuilipia. Eurostar inataka kama 30, na viti vya watu wa pasi vina idadi yake. Vikiisha vimeisha, hata kama unaviona vitupu dirishani. Na ukiwa umetokea upande wa Eurostar, jua umeshuka Gare du Nord. Gare de Lyon ni stesheni nyingine kabisa ya Paris. Achia dakika 20 za kuhama, zitatosha kuiona treni ikiondoka.

Tahadhari: Ujerumani, Austria na Uswisi treni nyingi unapanda na pasi yako bila kubuku chochote. Ukilijua hili mapema unaweza kufika bila tukio.

Lakini usikate tamaa na Ujerumani. Watu huenda huko kwa ile sifa ya kushika saa, na wewe ipange safari yako juu ya sifa hiyo: badilisha treni kwa dakika nane, mara tatu kwa siku. Shirika lao la reli, Deutsche Bahn, haliihesabu treni kuwa imechelewa mpaka zitimie dakika 6. Hata kwa kipimo hicho cha huruma, mwaka 2024 treni zao za masafa marefu zilizowahi zilikuwa asilimia 62.5. Mtu aliyekulia kwenye "tunaondoka sasa hivi, bado wawili tu" hatajisikia ugenini.

Halafu zipo zinazokatwa njiani. Kuna treni za Berlin ambazo zikifika Hamm zinagawanyika, nusu inashika njia ya Düsseldorf, nusu ya Wuppertal na Köln. Kibao kimeandikwa, tangazo limetolewa. Wewe panda behewa lililo karibu na ngazi, ziba masikio kwa muziki, ulale. Kama mko wawili mmenuniana kwa sababu ya hesabu za chakula, kaeni nusu tofauti. Shirika litamaliza ugomvi.

Tatu: lala njiani, uokoe hela ya hoteli

Wajerumani walipoachana na treni zao za usiku za vitanda mwaka 2016, Waaustria waliokota sehemu kubwa wakaiita Nightjet. Ni treni nzuri, na ndiyo sababu vitanda vinawahiwa. Buku kwa kuchelewa, upate kiti cha kukaa mpaka asubuhi uso kwa uso na mtu anayekula mayai ya kuchemsha. Ukibahatika kupata kitanda cha bei ya chini, ni chumba cha watu sita, vitanda vitatu kila upande. Wa juu kabisa anapanda ngazi kila akienda msalani, na wa juu kabisa ana kibofu kidogo.

La sivyo kuna basi. Ujerumani ilifungua soko la mabasi ya masafa marefu mwaka 2013, FlixBus wakaingia mwaka huo huo, na leo mabasi yao ya kijani yametapakaa bara zima. Chagua linalofika saa kumi alfajiri. Utalipia choo cha stesheni, utalipia kabati la kuweka begi, utanunua kahawa tatu ili usifukuzwe kwenye kiti, na saa nne asubuhi utaingia hoteli na kulipa siku nzima ili ulale. Hela ya hoteli umeshaiokoa.

Nne: mjini usikate tiketi

Berlin hawana mageti kwenye treni za mjini. Unaingia tu, na moyo unakuambia kwamba ni bure. Wakaguzi wengine wanavaa jinzi kama wewe, na faini ni euro 60. Sema, "Mimi mgeni." Wameshaisikia kwa lugha zote. Italia ni tamu zaidi, kwa sababu pale unaweza kupigwa faini na tiketi unayo: ile ya karatasi ya treni za mikoani lazima uigongeshe kwenye kimashine kabla ya kupanda. Kipite, kipige picha, upande.

Epuka Luxembourg. Tangu Machi 2020 mabasi, tramu na treni zao ni bure kwa mwenyeji na mgeni. Fundi kama wewe atakwepa nini huko? Labda upande daraja la kwanza, ambalo bado linalipiwa.

Tano: rudi usimulie

Nyumbani taja nauli, usitaje jumla. Mwakani atakutafuta dogo mmoja wa mtaani: "Shikamoo kaka, viza imetoka, nishauri." Itikia marahaba, mrushie picha ya ile tiketi ya euro 15, kisha kaa kimya kidogo ili imwingie. Akiuliza Beauvais ni wapi, mwambie ni Paris hiyo hiyo, upande wa juu kidogo.