Pongezi kwa Kampuni Yetu ya Simu

Kwa Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ambayo hata isipotajwa inajijua.

YAH: PONGEZI KWA KUUNGANISHA SIMU YANGU

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mpwa wangu aliyeko Marekani ameniletea simu iliyokwisha kufunguliwa, inayokubali laini zote. Kwanza nilibonyeza *#06#, zikatokea tarakimu 15 za IMEI, nikaridhika. Tangu simu feki zilipozimwa nchini Juni 2016, mwenye akili zake hapokei simu bila kuikagua. Laini nayo ni halali: namba ya NIDA yenye tarakimu 20, alama ya kidole, kila kitu. Kitrei nilikichomoa kwa hereni ya mke wangu, kwa kuwa kile kipini chake kilibaki ughaibuni.

Mtandao ukasoma. Hapa ndipo pongezi zinapoanza. Kabla sijampigia mtu yeyote, meseji yenu ikaingia: "Ndugu mteja, umejiunga na huduma ya milio." Salio likakatwa. Ikafuata ya bahati nasibu, kisha ya mkopo, kwa mtu ambaye hata chai hamjanywa naye. Wadai wangu wenyewe hawana kasi hiyo.

Kilichokosekana ni intaneti tu. Nikapiga huduma kwa wateja. Mashine ikaniambia mimi ni wa thamani sana kwenu, ikanipigia muziki mpaka nikaukariri, halafu binti mwenye adabu zake akapokea.

"Pakua programu yetu, baba. Setingi za intaneti zimo humo."

"Niipakue kwa kutumia nini, mwanangu?"

"Kwa intaneti, baba."

Aliyeniokoa ni kijana wa kibanda cha miamala, anayeshinda chini ya mwavuli wenye nembo yenu. Aliingia kwenye APN, akaandika neno moja, internet, kwa herufi ndogo, akahifadhi, akazima data na kuiwasha. Basi. Neno moja ambalo meseji yoyote kati ya zile tatu ingeweza kulibeba.

Kwa hiyo naomba: maadamu idara yenu ya matangazo humfikia kila mtu, hata mwenye kitochi, ikabidhiwe kazi ya kutuma setingi. Huduma kwa wateja ibaki na muziki wake. Kusema kweli ni mzuri.

Nawasilisha.

Mteja wenu wa thamani
(kwa mujibu wa mashine yenu)

Nakala: Kijana wa kibandani, ambaye hamumlipi mshahara.