Behewa Lililokubali Kukaa Marungu

Tulitoka Mombasa alfajiri kwenda kutazama ndovu, safari ya siku mbili tu, kulala Voi na kurudi. Tulipoipita Maungu dereva akapunguza mwendo, akanyoosha kidole vichakani, akasema kwa sauti ya chini: “Hao.” Simu zikatoka mifukoni. Watatu, wakubwa, wekundu, wametulia kabisa. Tulikaa kimya dakika nzima kabla mtoto wa dada yangu hajauliza mbona ndovu wana magurudumu.

Yalikuwa mabehewa ya mizigo. Yamesimama hapo Marungu, kwenye njia ya kando ya reli ya zamani, mgunga umeota kati ya vyuma, na kutu imeyapa rangi ile ile ya udongo wa Taita. Wenzangu walicheka, wakataka tuendelee. Mimi niliteremka. Nimeshawaona ndovu wengi, na wote walinipa mgongo.

Behewa linastahili kusifiwa, na nianze na hilo la kufanana na ndovu, maana hapo ndipo ubora wake unapojitokeza. Ndovu wa Tsavo ni mwekundu kwa vumbi analojimwagia. Behewa ni jekundu kwa kutu, nalo halikumsumbua mtu kuipata. Ndovu husubiri mahindi yakaribie kukomaa ndipo aje shambani usiku. Avunje ua, apindue tangi la maji, na asubuhi mwenye shamba abaki akitazama nyayo na kuulizia fomu ya fidia. Behewa halijala bua hata moja. Halihitaji ua wa umeme wala kufukuzwa kwa debe na tochi. Reli mpya ilipojengwa, ndovu walitengenezewa vivuko vya kupita chini ya tuta. Behewa halikuomba hata daraja la mbuzi. Katika kaunti ambayo zaidi ya nusu ya ardhi yake ni mbuga za Tsavo, jirani mzito asiyependa mahindi si wa kubezwa.

Lakini sifa yake kuu ni kwamba limekaa. Marungu ni mahali pa kupitwa. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilipita hapa ikielekea ziwani, ikafika huko 1901. Maji ya chemchemi za Mzima yakawekwa kwenye bomba, yakapita nyika hii yenye kiu, yakaenda zaidi ya kilomita 200 kuwaogesha watu wa Mombasa, mimi nikiwa mmoja wao. Mafuta nayo yana bomba lake. Malori yanapita usiku na mchana. Tangu 2017 treni ya reli mpya, SGR, inapita juu ya tuta na abiria waliofungiwa kwenye kipupwe, wakitafuta ndovu dirishani kama sisi. Vyote hivyo vilikuja na hotuba kuhusu maendeleo, vikaendelea na safari. Behewa lilikuja bila hotuba, likabaki.

Msiniambie lilibaki kwa kukosa njia. Ni kweli, hata likitaka kuhama haliwezi: reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000, mpya ina 1,435, kwa hiyo behewa likipandishwa tutani litapungukiwa na milimita 435 za miguu. Lakini ni wangapi kati yetu tuliotulia nyumbani kwa hiari? Tukimsifu mume kwa kutulia, hatumpimi magurudumu.

Nakiri kuna behewa lililopata heshima zaidi. Limo katika makumbusho ya reli Nairobi, linafutwa vumbi. Mwaka 1900, pale Kima, afisa wa polisi aitwaye Charles Ryall alikaa ndani yake usiku akimvizia simba mla watu; usingizi ukampitia, simba akaingia akamtoa. Inaonekana ili behewa litunzwe nchini Kenya sharti kwanza mtu aliwe ndani yake. Haya ya Marungu hayajamlisha simba mtu yeyote, na ndiyo malipo yao hayo.

Na ukarimu je? Mlango wa la kwanza haupo. Vibao vya sakafu havipo. Kila kilichoweza kufunguliwa kwa spana kimefunguliwa, na visivyofunguka vimekatwa kwa msumeno. Mwaka 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa, nguzo za umeme zikapumua. Behewa, kwa nililoliona, lilikuwa limeshatoa sadaka yake zamani. Sijui tajiri wa kaunti hii aliyetoa mlango wake.

Nilisogea karibu. Kwenye ubavu rangi imebanduka kwa tabaka: kijivu juu, chini yake kahawia, na chini ya kahawia herufi mbili nyeupe, E na A, za shirika la reli la Afrika Mashariki lililovunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Nchi tatu ziligawana mali zikanuniana, na huku nyikani ubavu wa bati ukawa bado haujapata habari. Kasha la grisi juu ya gurudumu halina kifuniko. Ndani yake nyigu wamejenga. Nilipoinama kuchungulia, mmoja alitoka kunikagua, kwa adabu kuliko makarani wengi niliowahi kuwachungulia.

Ndani palikuwa na kivuli. Watu wa mjini hawajui uzito wa neno hilo. Saa saba mchana, nyika nyeupe kwa jua, na hapa kuna chumba kirefu chenye upepo unaopenya pale palipokuwa na mlango. Nikaketi kwenye ukingo wa chuma, nikamwita mtoto wa dada yangu, naye akaja, kisha wengine wakaja na chupa za maji, hata dereva.

Tulikuwa hatujamaliza maji alipotokea mzee mmoja mwenye fimbo, na nyuma yake mbuzi kama ishirini.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, wanangu. Mmepumzika?”

“Tumepumzika.”

“Haya,” akasema, akitazama jua, “basi teremkeni, wenyewe wamefika.”